Shati la Kiraka Mgongoni

Jumapili, 4 Mei 2025
Kilangali. Mvua imekatika. Mgongo unauma — wiki nzima tumeinama kwenye mpunga wa mbegu, tunang'oa mashina yasiyo ya aina yake.

Mwalimu Odilia wa kwetu Tukuyu ameweka picha mpya kwenye grupu la wazazi. Imani wangu, darasa la nne, ameshika mchoro wa kichuguu. Amerefuka! Mama yake ana simu ya kitochi tu, haina picha, kwa hiyo mtoto namwona kwa mwalimu. Miaka mitatu namlea kwenye kioo cha simu.

Mwezi uliopita mwalimu aliomba kila mzazi atume picha ya kazi yake, awafundishie watoto. Nassir, tunayelala naye chumba kimoja, akanipiga picha nikiwa shambani. Mgongo tu — shati la kijani na kile kiraka cha mfuko wa mbegu nilichotoka nacho nyumbani. Uso sikutaka. Uso gani huu? Imani akanitumia sauti kwa simu ya mwalimu: Baba, nimekutambua kwa kiraka, ila wenzangu wanasema baba yako hana kichwa!

Nilicheka. Kisha nikaacha.

Jumanne, 6 Mei
Tangazo! Jumamosi darasa la nne wanakuja Mikumi kuona wanyama. Wanaondoka Ijumaa; asubuhi hifadhini, mchana wanakula stendi, wanarudi. Mikumi — hapo tu! Nimemwandikia mwalimu nitakuja. Kajibu: Karibu sana Baba Imani, fuatilia picha, nitazirusha kila tunapofika.

Nassir ananitania, eti Mnyakyusa mimi sasa nitakula picha badala ya ndizi.

Alhamisi, 8 Mei
Msimamizi Makarius amekataa. Jumamosi wanakuja wakaguzi wa mbegu, hatoki mtu. Nikamwambia ni mtoto wangu. Eti, mtoto si unamwona kwenye simu kila siku? Watu wakacheka. Hata Nassir.

Nimemwandikia mwalimu: sitakuja, usimwambie Imani kitu. Akarudisha kidole gumba. Basi.

Jumamosi, 10 Mei
Nimetoroka. Wakinifukuza, wanifukuze. Nassir kaniazima shati jeupe, nimelikataa. Nimevaa la kiraka.

Bodaboda mpaka barabarani, halafu Noah ya abiria. Nipo stendi ya Mikumi, kwenye benchi la mama wa chai. Nimemwandikia mwalimu kwamba nimekuja, nipo hapa. Tiki moja. Kule hifadhini hakuna mtandao, anasema mama wa chai.

Mchana. Bado tiki moja.

Picha! Twiga. Nyati. Watoto wamejaa madirishani. Kumbe bado wako na wanyama — nimetulia, nimeagiza chai ya pili. Nimezikuza moja moja, namtafuta. Huyu hapa! Kofia nyekundu, anamnyooshea tembo kidole. Ana mkono wa mama yangu. Nimemtazama mpaka chai ikapoa. Nyuma yangu kelele za watoto, honi, wapiga debe. Sikugeuka. Nilikuwa na mwanangu.

Imeingia nyingine sasa hivi.

Si hifadhini. Ni stendi. Hii hii! Watoto wamesimama mstari, nyuma yao benchi, na mtu ameinamia simu. Shati la kijani. Kiraka.

Picha za wanyama zilikuwa za asubuhi. Zimefika pamoja walipopata mtandao hapa. Hapa!

Wote wanaangalia kamera. Imani kageuza shingo, namwona kisogo na kofia. Chini mwalimu kaandika: Tumeshakula, tunarudi nyumbani! Imani eti kamwona baba yake. Nimemwambia mashati yanafanana, apande basi, wenzake wanamsubiri. Wazazi wameshaanza kuweka vikatuni vya kucheka.

Nimegeuka. Maganda ya machungwa. Doa la oili.

Mama wa chai anasema wameondoka sasa hivi, upande wa Iringa. Anasema, kulikuwa na katoto kanakuangalia sana, baba, nikadhani kanataka chai.

Ujumbe wangu una tiki mbili. Za kijivu: umefika, haujasomwa.

Nampigia mwalimu. Inaita —