Mwepesi Ni Mimi

Alhamisi, Kikwe

Kwani mimi niliomba kuwa mwepesi?

Helikopta ya Kaka imekwisha. Kaiunda mwenyewe kwa ramani ya Mzungu na injini ya gari kuukuu. Kiti ni kimoja, na ramani inataka mtu asiye na kilo nyingi. Leo katupima wote wa nyumbani kwenye mizani ya mnunuzi mmoja wa kahawa, tukining'inia kama magunia. Vibarua wake walicheka mpaka machozi.

“Jumamosi unapaa wewe,” Kaka akaniambia.

“Kaka, lile panga la juu linalozunguka lina ufa. Nilikuona ukiupaka rangi.”

“Umeishia la tatu, leo umekuwa injinia?”

Shemeji, mke wake, akadakia, “Si apae tu! Hana mke, hana mtoto. Nani atalia?”

Nikamwangalia Mama. Anachambua maharage, kichwa hainui.

Naogopa. Hata pikipiki sijawahi kuendesha.

Jioni Mama kapakua makande, sahani yangu kaijaza. Nikajua sasa atanitetea.

“Mama, huyo umempa mengi,” Kaka akasema. “Haitanyanyuka.”

Mama akaichukua sahani yangu, akarudisha nusu kwenye sufuria.