Watoto Hawahesabiwi

Kijijini Kamuthanga, Embu,
9 Machi, 1958.

Kwa dada yangu mpendwa Ciakuthii,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo, ila magoti ya mama humsumbua kila mvua inapokaribia. Hapo Majengo mnaendeleaje? Kifua cha shemeji kimepoa? Kwa kuwa ndiye anayekusomea barua, namwomba hii aisome yote, asiruke neno kwa kukuonea huruma.

Tumesikia kwamba umepata pasi ya kusafiri, na kwamba utamleta mwanao Njoka akae nasi asome katika shule yetu ya watoto wadogo. Umeuliza ni shule gani hiyo. Basi nikueleze ilikotoka.

Serikali ilipobomoa nyumba zetu na kutukusanya kijijini, wanawake tulipelekwa kila asubuhi kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, kisha matuta ya mashambani. Watoto waliachwa mavumbini, mkubwa akimshika mdogo. Wanjugu, jirani yetu asiyemwogopa hata chifu, alimwendea mkubwa wa kijiji akamwambia kwamba jembe halishikiki huku sikio likisikiliza kilio. Tukapewa mahali ng'ambo ya handaki, karibu na kijito, maana ndani hapakubaki mti hata mmoja. Tulijenga kibanda cha udongo chini ya mringaringa mkubwa. Ukichanua, maua meupe hufunika ua wote, na watoto huyatunga kwenye nyuzi za mgomba. Nilichaguliwa kuwa mwalimu kwa sababu nilifika darasa la nne. Elimu yenyewe, dada, unaijua. Nilipika uji wa wimbi, nikawafundisha nyimbo na kunawa mikono. Nikajiona mtu.

Saa kumi tulirudi kabla daraja la mbao la kuvukia handaki halijaondolewa. Askari wa lango, Ngari, aliniambia mara nyingi niwahesabu watoto wanapovuka. Nilimcheka. Nilimwambia kwetu hata mbuzi hahesabiwi, sembuse mtoto wa mtu. Ukimhesabu unamwitia kifo. Kina mama walinisifu kwa hilo. Niliwatazama kwa jicho tu, kama baba alivyotazama zizi lake, na kwa miezi mingi sikukosea.

Sasa nifike ninapoogopa kufika. Nilikuandikia kwamba mwanao Wawira, uliyeniachia mkononi ulipokwenda kuolewa, alichukuliwa na surua. Haikuwa surua. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawakunijua mimi. Yangu imekuwa ya miaka miwili, na leo nimechoka kuitembea.

Siku ile wingu lilitanda mapema, filimbi ikapulizwa kabla ya wakati. Tulivuka mbio. Nilikuwa nimebeba watoto wawili wa wenzangu, nikatupa jicho kundini nikaona limejaa, nikadhani wangu yumo. Wawira alikuwa amelala kibandani, nyuma ya mitungi. Nilipofika nyumbani mama akaniuliza yuko wapi. Nilikimbia langoni, daraja lilikuwa limeshaondolewa. Ngari alisema amri si yake. Alilia pamoja nami, lakini hakulirudisha. Mvua ilinyesha hadi alfajiri. Tulimkuta ukingoni mwa handaki, upande wa pili, amelowa, bado anahema. Kifua kilimwua siku ya tatu. Kabla hajafa aliniuliza kwa nini alipoita sikuitika.

Mama alitaka uambiwe ukweli. Mimi ndiye niliyemsihi anyamaze, nikijidanganya kwamba nakulinda wewe. Nilijilinda mwenyewe. Siku hizi nawahesabu watoto, asubuhi na jioni, na kina mama wawili wamewatoa watoto wao kwa sababu hiyo. Siwalaumu.

Shule ni nzuri, dada, na Njoka angeipenda. Lakini nisingeweza kumpokea huku hujui ni mikono gani unayomwachia. Ukiamua abaki huko, nitaelewa. Ukimleta, mkabidhi Wanjugu.

Hata usipomleta, njoo wewe. Wawira tulimzika juu ya kijito, bila alama, kwa haraka ya amri za wakati ule. Mimi peke yangu ndiye ninayepajua vizuri. Nitakupeleka, hata kama hutanisemesha njia nzima.

Msalimie shemeji, na Njoka ambaye hajanijua. Mama anawaombea.

Ni mimi mdogo wako, ukikubali bado kuniita hivyo,

Rwamba