Dhahabu Kwenye Kipimo cha Ini

Shoga, leo nimeaibika mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Si nilikuwa na kile kipimo cha kuangalia chuma kwenye ini? Unalala tu, mashine inakupiga miale ya nyutroni, na madini yote ya mwilini yanajitaja yenyewe kwenye skrini. Husikii chochote.

Mtaalamu wa mashine alishaniambia nivue kila kitu cha metali. Nikavua hereni, saa, mkanda. Nikalala.

Mara namsikia kwenye spika: "Dada, una dhahabu."

Nikamjibu sina.

"Dada, hapa kuna dhahabu. Naiona."

DHAHABU! Na wanafunzi wake wawili wanasikiliza!

Ilikuwa pete yangu ya ndoa. Ndiyo, ileile niliyokuapia nimeitupa chooni, ukanisifu. Miaka minne tangu yule mume aniache, kila asubuhi naitia kwenye sidiria, mpaka nimezoea, sikumbuki kama ipo. Usinicheke.

Nikaitoa. Akaja, akaniambia kwa upole, "Mpe uliyekuja naye akushikie, tuanze upya."

Shoga, niligeuka kabisa nikatazama mlangoni, kama vile kuna mtu.