Penseli ya Bluu ya Baba

Newala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na kama Zuhura anakusomea asubuhi, basi mwakeye pia, maana najua bila salamu ya Kiha hutaitikia vizuri. Nyonga inaendeleaje? Unakula, au bado unawagawia wageni sahani yako? Mimi na mkweo Selemani tu wazima. Maji ndiyo yanatusumbua. Wiki hii bomba limekauka kabisa, na watoto wangu wa darasa la tatu wanakuja shule na vumbi hadi kwenye kope. Korosho zimeanza kuanguka, nimekuwekea kopo zima.

Zuhura mdogo wangu, kabla hujaendelea, keti upande wa sikio lake zuri. Soma yote. Usiruke, usilainishe. Sababu utaiona huko mbele.

Mama, ningeweza kupiga simu, lakini wewe na simu tunawajua. Unaniuliza nimekula nini, kwa sauti inayofika mpaka kwa majirani, na kabla sijajibu unasema, "Haya, salio litakwisha." Ndiyo maana tulibaki na barua. Mimi naandika, Baba anakusomea, wewe unamwambia la kujibu, naye ananiandikia. Sasa Baba hayupo, Mungu amrehemu. Hii ni barua yangu ya kwanza ambayo hataifungua yeye. Nimeshachana karatasi tatu. Namlilia sana, Mama, hata darasani, nikiwa nimegeukia ubao.

Nilipofika msibani Baba alikuwa ameshazikwa. Wewe ulikuwa ndani, umeshaanza eda. Ukanishika mkono, ukawaambia kina mama wa mtaa wetu wa Mwanga waliokuja kuhani:

"Huyu ndiye Tatu wangu. Huyu aliniandikia kwamba akifungua chupa ya mawese yangu anaifunga tena upesi, ili harufu ya nyumbani isimwishie."

Kina mama wakaguna kwa huruma. Mimi nikainamisha kichwa, kwa sababu sikuwahi kuandika hivyo. Niliandika, "Mawese yamefika, asanteni." Basi.

Nikadhani msiba umekuchanganya. Lakini siku moja kabla ya kuondoka nilikwenda sokoni kukusanya vitu vya Baba pale alipokuwa akishonea. Kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini na vifungo, nilikuta barua zangu zote zimefungwa kwa kipande cha kitenge. Katikati ya mistari yangu kulikuwa na maneno ya penseli ya bluu, ile aliyochoria vitambaa. Penye "Mawese yamefika" ameandika habari za harufu. Penye "Msalimie Mama" ameandika, "Mwambie Mama nimemwota anachekecha unga, nikaamka nacheka." Nguo ikimbana mteja, Baba alikuwa anaachia pindo. Barua zangu nazo aliziachia pindo vivyo hivyo.

Mama, unajua kwa nini zilibana. Siku nilipoondoka kuja kuanza kazi, ulikuwa uani unachemsha mawese. Nilikuaga, hukuinua kichwa. Ulisema tu, "Shule zote za Kigoma zimejaa?" Baba alinisindikiza stesheni peke yake. Nilikuwekea kinyongo miaka yote hii, na kila nilipoandika jina lako kalamu ilikuwa nzito. Nisamehe.

Lakini hayo ya kuongeza ni madogo. Kulikuwa na mahali Baba amepiga mstari pembeni na kuandika neno moja: ruka.

Zuhura, hapa usiruke.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu mimba yangu ya miezi minne ilitoka. Nililazwa siku sita. Nikaandika kila kitu, Mama, nikaandika kwamba nakutaka wewe. Jibu lilipokuja lilikuwa la mvua na bei ya dagaa. Nikasema moyoni, kumbe hata hili haliwezi kumfanya mama yangu aniulize hali. Barua zangu zikawa fupi zaidi, na Baba akazidi kuongeza penseli.

Kumbe hukuambiwa. Presha yako ilikuwa juu mwaka ule, nadhani aliogopa. Nilimkasirikia Baba pale pale kwenye kiti chake, nikazungumza peke yangu mpaka fundi wa jirani akachungulia. Halafu nikaona ile ya "nimemwota anachekecha unga" nikacheka huku nalia. Mtu gani huyu! Alituogopea sote wawili, akatupatanisha bila sisi kujua kwamba tumepatana.

Sasa nina swali, nalo ndilo lililonifanya nichane karatasi tatu. Majibu yako nayo alikuwa anayaandika yeye. Umewahi kuniandikia, "Mwanangu, kila treni ikilia nahesabu siku zako." Umewahi kuniandikia, "Kitanda chako hakilaliwi na mgeni." Hayo ni yako, au ni pindo la Baba? Mwambie Zuhura aandike unavyosema wewe, hata kama ni makali. Nikipata makali yako mwenyewe nitayashika. Nimechoka kupendwa kwa mwandiko wa mtu mwingine, hata awe Baba.

Na la harufu ya mawese nalisema sasa mwenyewe. Jana nimefungua ile chupa uliyonipa nikiondoka. Nimeifunga upesi.

Nisalimie Shangazi wa Ilagala, na dagaa wake nimemaliza bila kumwachia Selemani. Nisalimie Mjomba wa Kalinzi, kahawa yake wameisifu walimu wote. Nisalimie na mama Hadija jirani, aliyekupikia uji siku zote za msiba.

Nilikuwa nimeshatia gundi kwenye bahasha, nikakumbuka jambo, nimeifungua tena. Siku niliyofika nyumba ilijaa watu. Shangazi alikuwa amelala chini jikoni, wengine barazani. Wewe ukanielekeza chumbani kwangu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakuna aliyekigusa. Mimi nikakupigia kelele mbele za watu: "Mama, kwa nini hamkumpa Shangazi, na mgongo wake ule?" Ukanijibu bila kuniangalia, "Kina mwenyewe."

Nikalala bila kuelewa. Leo ndiyo nimeelewa. Siku ile Baba alikuwa kaburini, Mama, na maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu.

Kisilaliwe. Shule zikifungwa nakuja.

Ni mimi mwanao,
Tatu