Picha Ukutani na Kiti cha Veronika

Nyumbani, karibu na Ikuti,
S.L.P. Tukuyu,
Rungwe.
4 Februari 2024

Mpendwa mwanangu Anneth,

Ugonile, mwanangu. Mvua haijatupa nafasi tangu Krismasi, na mlima Rungwe siuoni kwa ukungu, lakini sisi wazee wako tunapumua. Mama yako mkubwa magoti yanamsumbua asubuhi. Akiingia shambani huyasahau. Wewe je? Baridi ya Uholanzi inakuachia vidole vya kushikia sindano? Unakula vizuri? Usinijibu "niko poa" kama kwenye simu. Nieleze.

Barua yako imefika. Umeomba nikuandikie maisha ya Rais wetu, uyasome mbele ya wauguzi wenzako Siku ya Wanawake. Unasema wanakusifu kwa kuongozwa na mwanamke, wakati wao hawajapata waziri mkuu mwanamke hata mmoja. Haya, naanza kama nilivyofundisha Uraia miaka thelathini na moja.

Alizaliwa Zanzibar. Alipomaliza sekondari aliajiriwa kuwa karani. Akajiendeleza kimasomo huku akifanya kazi, kidogo kidogo. Akaingia Baraza la Wawakilishi, akawa waziri huko visiwani, kisha akaja Bunge la Muungano. Bunge la Katiba la mwaka 2014, yeye alikuwa makamu mwenyekiti. Mwaka uliofuata akawa Makamu wa Rais, mwanamke wa kwanza. Machi 2021 Rais alipofariki, Katiba ilikuwa imeshaeleza nani ataapishwa, naye akaapishwa. Hapo uwasomee polepole: hakupewa kiti kwa huruma ya mtu. Sheria ilisema, ikafuatwa.

Hayo utayapata popote. Sasa nivumilie, maana nina hasira, na hasira yangu huwa nzuri zaidi kwenye karatasi.

Mwezi wa kumi na moja kijiji chetu kilichagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Veronika, mke wa Elisha wangu, alipata kura hamsini na nane. Prosper, mwenye mashine ya kusaga, alipata thelathini na tatu. Kila mtu anajua sababu. Majani yakiziba chanzo kule juu, anayepanda na panga kwenye utelezi ni Veronika.

Kabla hajakaa, mzee Nsajigwa akasimama. Huyu ni rika langu, tumechunga ng'ombe pamoja. Akasema, "Mwenyekiti hukaa mbele, anatazama watu usoni. Baba mkwe wake si yule pale? Atamtazamaje?"

Wewe ulikulia mjini Ibighi, kwa hiyo nikueleze. Zamani zetu mkamwana hakukutana uso kwa uso na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake, aliingia mgombani mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha. Nyumbani kwangu mila hiyo ilibaki, na nikiri: ilibaki kwa sababu ilinipendeza. Miaka kumi na tisa Veronika amenipikia, na sauti yake nimekuwa nikiisikia nyuma ya ukuta tu.

Bi Rahima, mwenye duka la vitenge, alinyoosha kidole juu ya meza, mahali picha ya Rais ilipotundikwa. "Na huyo? Anawatazama baba wakwe wote humu kila mkutano, mbona hamjaanguka?"

"Ile ni picha, Bi Rahima," Nsajigwa akajibu. "Picha haimkaripii mtu."

Ukumbi ukacheka. Mimi nikafanya jambo baya kuliko kucheka. Kwa mazoea, nilichukua kofia yangu nikatoka nje, ili mkamwana apate kukaa kitini bila kunikuta mbele yake. Nilidhani ndiyo heshima. Sikuwa nimefika kwenye migomba, Nsajigwa akasema, "Mmeona? Mwalimu mwenyewe amekataa." Kiti akapewa Prosper.

Kwa jina langu, Anneth! Watu tisini na moja wamepiga kura, na hakuna hata mmoja aliyetoka nje hatua ishirini kuniuliza. Mambo ya mwanamke yanaamuliwa kwa mgongo wa mzee anayeondoka!

Kisha Januari bomba likakauka. Prosper akasema anasubiri mvua ipungue. Veronika akapanda, akazibua, akarudi na tope mpaka kiunoni. Jumapili kwenye matangazo ya kanisani, akashukuriwa Prosper.

Hapo nilikwenda kwa Nsajigwa.

"Nilikulinda, rafiki," akaniambia.

"Na nini? Na macho ya mtu anayenipikia?"

"Mila, Mwalimu."

"Mila hiyo ni ya watu wawili, mimi na yeye. Nani alikuita uwe wa tatu?"

Nikarudi nyumbani. Nikamwandikia mtendaji wa kijiji kurasa nne, naye akakubali kwamba kura ni kura. Jana mkutano ukaitishwa, Veronika akaitwa mbele. Alikaa upande upande, khanga usoni, anasoma ajenda akiuelekea ukuta. Nilikuwa nimekaa benchi la kwanza makusudi. Nikasimama.

"Mwenyekiti," nikasema kwa nguvu, "bomba la kwangu linavuja tangu Jumatatu. Litatengenezwa lini?"

Mvua ilipiga bati. Nsajigwa akatazama viatu vyake. Veronika aliteremsha khanga mpaka mabegani, akageuka. Anneth, ana mvi. Sikujua.

"Baba," akasema, "mabomba ni ajenda ya nne. Tuko ya pili. Kaa chini, na siku nyingine unyooshe mkono kwanza."

Nikakaa.

"Haya, Nsajigwa," Bi Rahima akasema, "picha imekaripia."

Leo asubuhi Veronika ameingia mgombani kunikwepa kama kawaida. Sikumzuia. Hilo ni lake, ataliacha akitaka mwenyewe. Lakini hasira yangu haijaisha: kura zilizohesabiwa vizuri zimengoja zaidi ya miezi miwili, na zisingekwenda popote kama mwanamume asingeandika barua. Uwasomee na hilo wauguzi wako, wasije wakadhani kwetu kazi imekwisha.

Mama yako mkubwa anakusalimu, na anasema ukija likizo mbalaga, zile ndizi zake za kupika, inakungoja. Elisha anakusalimu, tangu jana anatembea kama aliyechaguliwa yeye. Bi Rahima anauliza kama vitenge vinavaliwa kwenye baridi.

Mungu aitunze mikono yako, na walio chini ya mikono hiyo. Ndaga fijo kwa kunikumbuka. Bomba langu bado linavuja, nasubiri zamu.

Wako akupendaye,
Baba yako mkubwa,
Mwalimu Anyitike