Kadi Yako Iko Msumarini

Neema, mjukuu wangu,

Ulituacha kabla hujajua kusoma. Mimi niliyefundisha watoto wa watu kusoma hadi nilipostaafu najua kwamba barua hii haina msomaji. Hata hivyo naiandika, kwa sababu siku ya mazishi sikusema ukweli.

Majirani wa Moshono walinishika mkono mmoja mmoja: "Pole, Mwalimu. Kazi ya Mungu haina makosa." Niliitikia. Makosa yalikuwa yangu.

Ulianza kwa homa, kikohozi na macho mekundu. Siku ya nne vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikashuka usoni na shingoni. Mama yako alikuja amekwisha kukufunga mgongoni. "Baba, naomba kadi ya kliniki, nimpeleke." Kadi zenu zilikuwa kabatini mwangu, pamoja na hati ya shamba, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilimjibu kwa maneno niliyoyasikia kwa mama yangu, kule juu mlimani: "Surua haichomwi sindano. Ukiichoma, inarudi ndani. Iache itoke." Nikaziba dirisha kwa blanketi. Nikakataza usiogeshwe.

Siku mbili, Neema. Ulikuwa ukiomba maji kwa sauti iliyokauka.

Nilitoa ufunguo nilipoona mbavu zako zikibonyea kila ulipovuta pumzi. Daktari alisema nimonia imeshika mapafu yote mawili. Aliuliza, "Mmekaa naye siku ngapi?" Mama yako alinitazama, kisha akasema, "Tulichelewa kidogo."

Tulichelewa. Mpaka leo hajawahi kusema, "Baba, ulinichelewesha." Afadhali angesema.

Mwezi uliopita mdogo wako Elia alishikwa na homa kali. Mama yako hakuniomba kitu. Alimbeba akatoka bila kadi, na mimi nikafungua kabati, nikamfuata kwa miguu yangu mibovu. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Siku ya tatu homa ilishuka, ndipo vipele vidogo vikatoka kifuani. Tukarudi kliniki siku hiyohiyo.

Muuguzi, binti mdogo kuliko mama yako, alimkagua mdomoni na machoni. "Shikamoo, babu. Hii si surua. Surua hutoa vipele homa ikiwa bado kali, tena huja na kikohozi na macho mekundu. Hiki ni kirusi kingine, kitaisha chenyewe. Mpeni vinywaji vya kutosha. Akipumua kwa shida, akishindwa kunywa au akilegea, mleteni mara moja. Na msikisie nyumbani, vipele hufanana."

Nikamwuliza lile nililoogopa kuuliza. Je, sindano huirudisha surua ndani?

"Hapana, babu. Surua huwa imeshaingia ndani kabla kipele cha kwanza hakijatoka."

Nilikaa kwenye benchi hadi mama yako aliponishika mkono.

Elia amepona. Anatembea sasa, anashika ukuta kama ulivyokuwa ukifanya. Yule beberu unayemjua bado yupo. Nilikukaripia siku uliyompa shikamoo, nikasema mnyama hasalimiwi. Ulinijibu, "Lakini babu, ni mzee, ana ndevu!" Sikucheka. Nilidhani mtoto akichekewa ataharibika. Sasa kila asubuhi ninapompelekea majani ya migomba namsalimia kwa niaba yako, na hapo machozi hunitoka, mimi ambaye sikulia kaburini.

Jumapili, baada ya ibada, nilisimama mbele ya wazee wenzangu nikawaeleza nilivyokufungia ndani. Wengine waliinamisha vichwa. Mmoja alisema, "Mwalimu, hata sisi tungefanya hivyohivyo." Hilo halikunifariji.

Lala, mjukuu wangu. Sikuombi msamaha, maana wewe ungenisamehe upesi mno. Nakuahidi hili tu: katika nyumba hii hakuna mama atakayesubiri ruhusa yangu mtoto akiwa na homa. Kadi ya Elia nimeitundika kwenye msumari, karibu na mlango. Na yako ipo hapo, nyuma ya yake. Sitaifungia tena.

Babu yako.