Ada ya Kufanya Kazi ya Bure

Nyumba ya Pili, Nyuma ya Karakana,
S.L.P. 418.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Naanza na salamu mapema, maana hasira nilizo nazo zikitangulia nitasahau adabu uliyonifundisha mwenyewe. U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia? Baridi ya huko imelegea kidogo? Sisi huku tu wazima. Wifi yako mgongo ulimsumbua wiki mbili, lakini sasa ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo najua amepona. Mimi na mabomba yangu tunaendelea kuvumiliana.

Kabla hujasoma zaidi, jua kwamba barua hii si ya kukuomba hela. Najua umezoea: bahasha ikitoka nyumbani unatafuta kwanza kalamu ya kujumlishia. Kama Kaka ameshakupigia simu kuhusu ada ya mwanangu Chiriku, tafadhali usitume chochote mpaka umalize kusoma.

Chiriku, kama unavyojua, yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi na ukunga. Ada ya mwaka wa kwanza tuliilipa kwa jasho. Mwaka wa pili wakaipandisha, tukanung'unika, tukalipa. Mwaka huu wakapandisha tena, na muhula ukiwa katikati wakabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: kila mwanafunzi alipe pia ada ya mafunzo kwa vitendo, la sivyo hafanyi mtihani.

Mafunzo kwa vitendo, Dada! Ngoja nikueleze ni kitu gani, maana mimi mwenyewe nilidhani wamenunuliwa mitambo. Ni hivi: siku nne kwa wiki mtoto anakwenda hospitali, wodi ya wazazi. Anatandika vitanda, anapima presha, anasafisha vidonda, anazalisha. Mwezi uliopita kuna zamu walikuwa wawili tu, yeye na muuguzi mmoja, na akina mama thelathini na mmoja. Hapewi hata nauli. Halafu anadaiwa yeye!

Nilimwuliza, "Sasa hapo mnalipia nini?"

"Tunalipia kufundishwa, Baba."

"Anayewafundisha nani?"

"Muuguzi mkuu wa wodi, akipata nafasi."

"Huwa anaipata?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nikimchukua mtu anisaidie kuchimba mtaro, siku ikiisha namlipa. Sijawahi kumwambia anilipe yeye kwa kuwa amejifunza kushika sururu.

Jumamosi ya wiki iliyopita Kaka akatuita kwake, kikao cha familia. Unamjua Kaka, kikao hakijafunguliwa tayari ana maamuzi mfukoni. Akasema jambo lenyewe dogo: Dada yuko nje, kwake hiyo ni hela ya soda, aandikiwe leo leo. Wote wakaitikia kwa vichwa, na macho yakanigeukia mimi mwenye mwandiko unaosomeka.

Wifi yako ndiye aliyewakatiza. Akasema, "Mara ya mwisho alipokuja, mliiona mikono yake? Huko anakofua mashuka ya mahoteli, sabuni zimemchubua mpaka hawezi kufunga vifungo vya blauzi. Nilikuwa namfungia mimi."

Sikuwa najua, Dada. Ulikaa kwangu wiki tatu, tukala meza moja, na sikuona.

Nikasema siandiki. Kaka akasema basi Chiriku akae nyumbani mwaka mmoja, kwani kuna nini, atasoma baadaye. Nikamwambia mtoto hajakosa kitu hata atumikie kifungo cha mwaka. Tukapandishiana sauti, watu wazima wenye mvi, mpaka shemeji, mke wa Kaka, akainuka kufunga madirisha majirani wasisikie. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema hakutia neno. Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya Kaka.

Jumatatu asubuhi nilikuwa chini ya sinki la watu, kichwa ndani ya kabati, simu ikalia. "Baba, wametutoa." Walikuwa wameshakaa kwenye chumba cha mtihani, kalamu mkononi. Msimamizi akaingia na orodha, akawaita mmoja mmoja, wasimame watoke mbele ya wenzao. Watu arobaini na watatu! Nilimwambia mwenye nyumba asifungue maji mpaka nirudi, nikaenda chuoni na ovaroli yangu ikichuruzika.

Nje ya ofisi ya mkuu wa chuo nilikuta wazazi wamejaa kwenye mabenchi, wananong'ona kama wako msibani. Tunanong'ona nini, na waliokosewa ni sisi? Nikabisha, nikaingia, wenzangu wakanifuata. Mkuu wa chuo akaniangalia juu mpaka chini, akasema bomba lililopasuka liko jikoni, si huku. Alidhani nimekuja kutengeneza!

"Mimi ni mzazi," nikamwambia.

Mhasibu aliyekuwa pembeni akadakia kwamba chuo si nyumba ya hisani, gharama zimepanda, anayetaka kusoma alipe. Nikamwuliza, mwanangu akizalisha hospitalini, chuo kinagharimika nini? Glavu zenyewe ananunua mwenyewe. Akafungua jalada, akageuza karatasi mbili, akalifunga.

Hapo ndipo akaingia mama mmoja mfupi mwenye sare nyeupe, anahema. Ni yule muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Alikuwa amepata habari na amekuja kwa miguu toka hospitali. Hakusalimia mtu. Alitandaza juu ya meza karatasi ya zamu za wiki.

"Majina niliyozungushia duara ni wanafunzi wako," akamwambia mkuu. "Nihesabie yaliyobaki."

Mkuu akahesabu kwa kidole. Yalikuwa matano. Wiki nzima, mchana na usiku, wodi nzima.

"Basi ukiwafukuza hawa, wewe na mhasibu wako mje mnizalishie."

Hakuna aliyecheka, Dada, maana hakuwa anatania.

Tukatolewa nje. Mkuu akapigia simu bodi, tukasubiri mpaka saa nane mchana. Alipotoka alisema waliotolewa watafanya mtihani Alhamisi, na ada ya vitendo imesimamishwa kwa mwaka huu. Watu wakashangilia. Mimi nilishindwa kushangilia. Kusimamishwa si kufutwa, na ile nyongeza ya ada ya mwaka huu iko palepale. Nitailipa kwa mafungu, nimeshatia sahihi. Wale watoto walioaibishwa mbele ya wenzao hakuna aliyewaomba radhi. Chiriku alifanya mtihani Alhamisi. Ijumaa alirudi wodini, bure vilevile.

Sisemi mzazi asilipe. Sehemu yangu nitailipa. Lakini serikali inayotaka wakunga ichangie kuwafundisha, na hospitali inayotumia mikono yao iwape angalau nauli na chakula. Hayo ndiyo tutakayoyapeleka wizarani mwezi ujao. Wazazi tumeunda kamati. Nisichokubali ni wote hao kukaa pembeni, mzigo umwangukie mtu mmoja aliye mbali kwa sababu tu hajui kukataa.

Na nisijifanye mwema. Kaka huwa anaamua, lakini mwandishi wa barua zile zote ni mimi. Salamu mistari mitatu, halafu shida. Ukatuma, nikashukuru, nikaandika nyingine.

Wifi yako anakusalimu sana, na Chiriku anasema atakuandikia mwenyewe. Jiandae, hana ufupi. Shemeji anakusalimu. Kaka naye anakusalimu, ingawa bado hatusemeshani vizuri. Mungu akupe afya, na akupe japo siku moja kwa wiki isiyo na kazi ya mtu.

Nimejaribu kukumbuka kama katika barua hizo zote niliwahi kukuuliza umechoka au la. Sikumbuki. Nakuuliza leo, Dada: umechoka? Nijibu kweli, na kwenye bahasha usitie kitu kingine.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Fundi bomba.